Kuitafuta na Kuiondoa Harufu ya Majitaka Nyumbani: Mwongozo kwa Wakazi wa Mwanza na Ukanda wa Ziwa

Nyumba nyingi za Mwanza zimejengwa juu ya miamba, na jambo hilo peke yake linaeleza sehemu kubwa ya adha ya harufu ya majitaka katika maeneo ya vilima kama Igogo, Isamilo, Mabatini na Bugando. Shimo haliendi chini kadiri inavyotakiwa, bomba hulazwa pale jiwe linaporuhusu, na paa la nyumba ya chini huwa usawa wa dirisha la nyumba ya juu. Hata hivyo mwenye nyumba anaposikia harufu, mara nyingi hukimbilia dukani kununua dawa ya kumimina au manukato ya kuning'iniza bafuni. Harufu hupoa kwa siku mbili au tatu kisha hurudi, kwa sababu haikutokana na uchafu wa pale bafuni bali na hewa ya karo (tangi la majitaka lililofukiwa ardhini) iliyopata njia ya kuingia ndani. Mwongozo huu unaifuata njia hiyo kutoka chumbani hadi shimoni, kwa mpangilio unaomwezesha mtu kumaliza kazi zisizo na gharama kabla ya kuvunja hata kigae kimoja.

Kinachoizuia hewa ya karo isiingie ndani

Chini ya kila sinki, beseni la kunawia, choo na tundu la maji la sakafuni panatakiwa kuwa na kona iliyopinda ambayo hubakiza maji muda wote. Mafundi huiita trapu. Maji hayo yanayobaki, ambayo kwa kawaida kina chake hakipungui sentimita 5, ndiyo mlango pekee unaotenganisha chumba chako na karo: maji machafu hupita, hewa haipiti. Mlango huo una msaidizi wake, yaani bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa. Kazi yake ni kuitoa hewa ya karo nje, na pia kuingiza hewa safi katika mabomba ili maji mengi yanaposhuka kwa kasi yasiyafyonze maji ya trapu.

Karibu kila harufu utakayoikuta itakuwa imetokana na moja ya mambo haya: trapu haipo, trapu ipo lakini imekauka au imefyonzwa, bomba la hewa halifanyi kazi, kuna ufa au uwazi katika kiungo, au karo na shimo vimejaa. Uchafu uliogandamana ndani ya trapu yenyewe nao hunuka, lakini huo ndio rahisi kuliko yote.

Siku ya kwanza: pua, daftari na ndoo ya maji

Kabla ya yote, hakikisha kwamba harufu si ya gesi ya kupikia. Gesi ya mtungi huwekewa kinukishi makusudi ili ikivuja ijulikane, na wapo wanaoichanganya harufu yake na ya mayai viza inayotoka katika majitaka. Ikiwa harufu ni kali karibu na jiko, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala usizime taa, na utoke nje pamoja na watu wote wa nyumbani. Mengine yatasubiri.

Pili, jaza glasi kwa maji ya bomba, toka nayo nje mbali na sinki, uinuse. Ikiwa glasi inanuka, tatizo liko katika maji yenyewe au katika simtanki lisilosafishwa. Ikiwa glasi hainuki ilhali sinki linanuka ukifungua bomba, basi kinachonuka ni tundu la sinki. Kagua pia nyuma ya makabati na juu ya dari, kwa kuwa panya aliyekufa hunuka kwa wiki nzima, na gunia la dagaa lililopata unyevu linaweza kumfanya mtu avunje bafu lisilo na kosa.

Tatu, chukua daftari uandike kwa siku tatu: harufu ilisikika chumba gani, saa ngapi, nani alikuwa ameoga au kufua muda huo, kama mvua ilinyesha, na upepo ulikuwa unatoka wapi. Jambo hili la upepo lina uzito wa pekee hapa kwetu. Mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kuelekea ziwani. Kwa nyumba iliyo kwenye mteremko unaotazama ziwa, harufu inayokuja saa nane au saa tisa mchana huenda inapandishwa kutoka kwa jirani wa chini, na ile inayokuja usiku wa manane au alfajiri huenda inateremka kutoka kwa jirani wa juu. Harufu isiyojali saa wala upepo, inayosikika zaidi milango ikiwa imefungwa, iko ndani ya nyumba yako.

Jioni ya siku hiyo hiyo ya kwanza mimina maji katika kila tundu la nyumba, hata lile la stoo ambalo hakuna anayelikumbuka. Lita moja hadi mbili zinatosha kwa kila tundu. Chumba cha wageni kisichotumika, bafu la nje, tundu la sakafuni ambalo husafishwa kwa kitambaa kibichi tu: trapu za namna hii hukauka ndani ya wiki chache, hasa katika kiangazi cha kuanzia Juni. Baada ya kumimina, mulika kwa tochi. Ukiona maji yanang'aa chini ya kichujio, mlango umefungwa. Usipoyaona, mimina tena na uangalie baada ya saa moja. Maji yakiwa yametoweka, trapu imepasuka au haipo kabisa. Kwa tundu lisilotumika mara kwa mara, vijiko viwili vya mafuta ya kula juu ya maji hayo hupunguza sana kasi ya kukauka.

Nyumba zisizopata maji kila siku zina kosa lao mahususi. Mtu anapovuta choo cha kukaa kwa ndoo, akaimwaga yote kwa nguvu, maji hushuka kwa kishindo na kuondoka na sehemu ya maji yaliyotakiwa kubaki, wala hakuna tangi la kuyarudisha. Baada ya kumwaga ndoo, mimina polepole nusu lita nyingine. Ni tendo dogo, na katika nyumba kadhaa ninazozifahamu ndilo lililomaliza malalamiko yote.

Kuutambua mlango ulio wazi

Ikiwa maji hayakusaidia, usiku watu wakiisha kulala funika kila tundu kwa mfuko wa plastiki, ubandike kingo zake kwa selotepu pana, na kifuniko cha choo ukizungushie mfuko mkubwa. Funga mlango na dirisha la chumba. Asubuhi ingia na unuse. Chumba kikiwa safi, bandua mfuko mmoja, subiri robo saa, unuse, kisha urudishe mfuko na uende kwenye tundu la pili. Tundu lenye kosa litajitambulisha lenyewe. Mfuko uliovimba usiku unaonyesha hewa inasukumwa kutoka upande wa karo, na hilo ni kosa la bomba la hewa au la karo lililojaa. Chumba kikiendelea kunuka ilhali matundu yote yamefunikwa, harufu inapitia kwingine: kwenye ufa wa sakafu, kwenye kitako cha choo, au kwenye bomba lililosahauliwa.

Usitumie kiberiti, mshumaa wala ubani kutafuta mahali hewa inapopita. Hewa ya karo ina methane, ambayo huwaka. Kipande chembamba cha karatasi ya chooni ukikishikilia karibu na kiungo kitatikisika vya kutosha.

Sinki la jikoni na beseni la kunawia

Jikoni kwa mtu wa ukanda wa ziwa si kama jikoni kwingine. Magamba ya sato, matumbo ya samaki, mafuta ya sangara, ukoko wa ugali uliolowekwa: vyote hivi hupitia sinki moja. Weka ndoo chini ya trapu, ifungue kwa mkono (za plastiki hazihitaji spana), mwaga yaliyomo na usugue kwa brashi ya chupa na sabuni ya maji. Sugua pia bomba fupi linaloingia ukutani, maana ute mweusi hujibandika hapo na hakuna dawa inayoung'oa kama brashi. Unaporudisha, hakikisha mpira wa kiungo umekaa sawasawa. Kwenye beseni la kunawia kuna kitundu cha pembeni, karibu na ukingo wa juu, cha kuzuia maji yasifurike. Wengi hawajawahi kukisafisha tangu beseni lifungwe. Kisugue kwa mswaki mwembamba na magadi soda yaliyoyeyushwa katika maji ya moto.

Maji ya moto ninayoyasema si yanayochemka. Mabomba ya plastiki hulegea kwa joto la maji yanayochemka, na viungo vyake huachia baada ya muda. Kostiki soda nayo huchemsha maji ndani ya bomba, na ikikutana na mafuta mengi huweza kuacha sabuni ngumu inayoziba kuliko mwanzo. Maji ya betri yasiingie kabisa katika matundu ya nyumba. Juu ya yote, dawa yenye klorini isichanganywe na asidi ya kusafishia choo, wala na siki, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na bafu ni chumba kidogo.

Kisha chuchumaa utazame mahali ambapo bomba la sinki linaingia katika bomba la ukutani. Hapa ndipo penye kosa lililoenea kuliko yote niliyoyakuta: bomba laini la inchi moja na robo limechomekwa tu ndani ya bomba la inchi mbili, na uwazi uliobaki umezibwa kwa nailoni au tambara. Trapu hata ikiwa nzima, hewa inapita pembeni yake. Nunua mpira wa kupunguzia unaolingana na vipimo vyote viwili. Ni kifaa cha bei ndogo, nacho hufunga kwa miaka.

Niliwahi kupanga nyumba upande wa Kitangiri ambayo ilinuka kwa miezi minne. Mwenye nyumba alikuwa mtu mwema na alileta dawa za kila aina. Trapu zilikuwa na maji, choo kilikuwa imara, karo lilikuwa limenyonywa. Nilipolivuta kabati la jikoni kutoka ukutani nilikuta bomba la inchi mbili lililokatwa sinki lilipohamishwa miaka iliyopita, na mdomo wake umefunikwa kwa kipande cha gazeti. Kizibo cha plastiki na gundi ya mabomba vilimaliza kazi ndani ya dakika kumi. Tangu hapo, nyumba yoyote iliyowahi kukarabatiwa huwa nauliza kwanza sinki la zamani au mashine ya kufulia vilikuwa wapi.

Sauti ya bomba na bomba la hewa

Ukivuta choo na sinki la pembeni likatoa sauti ya "glu glu glu", sinki hilo linafyonzwa maji yake ya trapu. Nyumba za mteremkoni hupatwa zaidi na jambo hili kwa kuwa mabomba hushuka kwa ukali, maji yakajaza bomba zima na kuvuta hewa nyuma yake. Dawa yake ni bomba la hewa. Angalia kama lipo, kwa maana nyumba nyingi zilizojengwa kwa haraka hazina. Likiwepo, panda ngazi salama, mchana, pamoja na mtu wa kushikilia, ukague juu: kiota cha ndege, nyumba ya nyigu au majani huziba mdomo wake. Ondoa, kisha funga wavu wa plastiki ambao hauozi kwa kutu.

Bomba la hewa linatakiwa lipite juu ya paa, na ikiwa kuna dirisha ndani ya mita tatu, mdomo wake uwe takriban mita moja juu ya dirisha hilo. Kipimo hiki kinatosheleza mahali tambarare, ambapo fundi huangalia madirisha ya nyumba anayoijenga tu. Kwenye vilima vyetu lazima atazame na madirisha ya jirani wa juu. Bomba lililo sahihi kabisa kwa nyumba ya chini linaweza kuwa linapuliza moja kwa moja katika chumba cha kulala cha nyumba ya nyuma kila upepo wa ziwa unapoanza mchana. Ikiwa daftari lako linaelekeza huko, nenda kwa jirani kwa utaratibu, umwonyeshe saa ulizoandika, na mkubaliane kulirefusha au kulihamishia upande mwingine wa paa. Si haki kumtuhumu kwa uchafu, maana nyumbani kwake hasikii chochote.

Kitako cha choo

Kalia choo, ujitikise kidogo. Choo kinachocheza kimeachana na bomba lake chini ya sakafu, hata kama saruji nyeupe ya pembeni inaonekana nzima. Koroga nili ya kufulia katika maji, imimine chooni, vuta mara tatu, kisha uache karatasi nyeupe kuzunguka kitako kwa saa kadhaa. Rangi ya buluu kwenye karatasi ni ushahidi wa kutosha wa kukifungua choo. Fundi akikiondoa, abadilishe mpira wa kiungo badala ya kuongeza saruji juu, kwa kuwa saruji hupasuka tena choo kikicheza. Choo cha kuchuchumaa hupimwa vivyo hivyo, ila dalili yake huonekana zaidi kama unyevu kwenye ukuta wa chini upande wa nje.

Nje: gali trapu na chemba

Gali trapu ni kile kisanduku cha nje kinachopokea maji ya jikoni na bafu kabla ya kuingia kwenye chemba, yaani kishimo chenye mfuniko cha kukagulia mabomba. Mafuta huganda juu yake, na magamba hutuama chini. Kichote kwa kopo kila mwezi, ukizike ulichokitoa au ukitupe pamoja na taka, usikisukume mbele. Wavu wa juu uwepo wakati wote.

Fungua mifuniko ya chemba moja baada ya nyingine huku ukisimama upande ambao upepo unatoka. Chemba yenye afya ina mfereji safi na maji yanayopita. Ikiwa yametuama, kuna kizuizi mbele ya hapo. Ikiwa chemba ya juu imejaa na ya chini ni kavu, kizuizi kiko kati yake, na waya wa kuzibulia utaingizwa kutoka ile ya chini. Bomba la inchi nne linahitaji kushuka sentimita 1.5 hadi 2.5 kwa kila mita. Pale fundi alipokutana na jiwe na kulipandisha bomba juu yake, uchafu utatuama daima, na hakuna njia isipokuwa kulilaza upya. Mifuniko iliyovunjika ibadilishwe, na ukingo wake uzibwe kwa grisi au chokaa laini ambayo itabanduka siku ya kukagua.

Maji ya paa yasielekezwe kwenye chemba. Mvua moja ya masika hujaza karo kwa usiku mmoja, na kinachofuata ni harufu katika nyumba nzima.

Karo na shimo la kunyonyea

Karo huhitaji kunyonywa tope la chini na utando wa mafuta unaoelea juu vinapofikia takriban theluthi moja ya kina chake, jambo ambalo kwa familia ya kawaida hutokea kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, na mapema zaidi kwa nyumba ya wapangaji wengi. Pima kwa mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe: doa jeusi litaonyesha kina cha tope. Mtu asiinamie tundu la karo wala asiingie ndani, hata kuokota kitu, hata kumwokoa mwenzake. Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hutuama humo, na ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa kabla ya kumwangusha mtu. Ajali ikitokea piga 114, Zimamoto.

Gari la majitaka likimaliza kunyonya, mulika na uangalie kama kwenye mlango wa kuingilia na wa kutokea kuna viungo vya umbo la T vinavyoshuka chini ya utando. Bila kiungo cha kutokea, mafuta huhamia kwenye shimo la kunyonyea, ambamo maji ya karo huzama ardhini, na kuziba kuta zake. Shimo lililochimbwa kwenye udongo wa nusu mita juu ya mwamba halitanyonya hata likinyonywa kila mwezi: maji hutambaa juu ya jiwe na kutokea kwenye msingi wa nyumba ya chini. Nyumba za karibu na ufuko zina tatizo la kinyume, kwani maji ya ardhini hupanda pamoja na ziwa, kama ilivyoonekana mwaka 2020 ziwa lilipofurika hadi kwenye makazi. Kwa wote wawili, suluhisho la kudumu ni mtandao wa umma pale unapofika. MWAUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Mwanza, ina mabomba yanayopeleka majitaka kwenye mabwawa ya Butuja, na katika baadhi ya makazi ya milimani imelaza mtandao wa mabomba madogo unaofaa kwenye miamba. Uliza ofisi yao kabla ya kuchimba shimo la tatu.

Kufungulia karo wakati wa mvua ili literemke na maji hadi Mto Mirongo ni kosa linalowaumiza watu halisi. Mto huo unapita katikati ya jiji na kuingia ziwani, mahali tunapochota, na kipindupindu kinajua njia hiyo.

Kabla fundi hajalipwa

Kazi ikihusisha bomba jipya, mwambie fundi azibe mdomo wa chini, ajaze maji hadi juu na aache kwa saa moja kabla ya kufukia au kuweka vigae. Maji yakipungua, kiungo kinavuja, na ni nafuu kukiona sasa. Kisha rudia daftari kwa siku saba, chumba kile kile na saa zile zile, na ikiwezekana siku mojawapo iwe ya mvua. Harufu iliyokuwa ikija saa tisa mchana tu haiwezi kutangazwa kuwa imekwisha kwa kunuswa asubuhi.